Mwanangu Ana Sikoseli: Je, Ni Dhambi Yangu Inayozuia Muujiza?

"Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Malindi, asubuhi nauza mahamri na viazi karai. Kijana wangu wa pili ana miaka saba na ana sikoseli. Aligunduliwa alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mikono na miguu ilipovimba. Tumekesha tukiombewa mara zisizohesabika. Sasa kiongozi wa maombi kanisani kwetu anasema amefunuliwa kwamba kuna dhambi iliyofichwa upande wangu, ndiyo inayoziba muujiza, na kwamba marehemu nyanya yangu alikuwa mganga, kwa hivyo laana inatufuata. Ametuambia tupande mbegu ya sadaka, tuache vidonge maana vinaonyesha hatujaamini, na mtoto afunge nasi siku tatu kavu kuanzia Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mume wangu amekubali. Mwalimu, dhambi ninayo. Mimba ya mtoto huyu niliipata kabla ya ndoa, na nilitamka kwa mdomo wangu kwamba siitaki. Kwenye mkutano wa injili nilimwona mtoto mwingine wa ugonjwa huu akishuhudia amepona. Kwa nini yeye na si wangu? Ndugu yangu aliye chuoni asema miujiza haipo, sayansi ilishaimaliza. Sijui nimshike nani. Nikiendelea na dawa, nimemkana Mungu?"

Dada yangu, kabla hatujafungua Maandiko kuna mambo mawili yasiyoweza kungoja. Usimwachishe mtoto dawa zake. Wala usimfungishe, hata nusu siku, sembuse siku tatu bila tone la maji. Mimi ni mwalimu wa theolojia, si daktari, lakini hili madaktari wa watoto humwambia kila mzazi wa mtoto kama wako, na bila shaka umelisikia kliniki: mwili ukipungukiwa maji, chembe nyekundu za damu hujikunja mithili ya mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo yale maumivu ya mifupa huanza. Mfungo mkavu kwa mtoto huyu haupimi imani ya mtu yeyote. Unauita ugonjwa uje. Hata makanisa yenye mila ndefu ya kufunga huwaondolea mfungo watoto na wagonjwa.

Na sisi wa Malindi hatuhitaji kutafutiwa mfano wa mbali. Aprili mwaka 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, yalianza kufukuliwa, na miili iliyotolewa mle ikapita 400, watoto wakiwa wengi. Simfananishi kiongozi wako na mtu yeyote. Huenda anampenda mwanao kwa dhati. Lakini ile hoja kwamba mtoto akikaa na njaa ndipo mbingu zitafunguka, tumeshaona inakofika, na walioachwa wakilia ni jirani zetu.

Sasa swali lako. Nimelisoma mara nyingi, na chini ya maneno yote nasikia jambo moja ambalo hukuthubutu kuliandika: je, ni mimi ninayemuua mwanangu? Jibu ni la. Si wewe, si baba yake, si nyanya yako. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila kusita, kwanza kwa damu, kisha kwa Neno.

Sikoseli hurithiwa. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ambayo mwili hufuata kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Mwenye nakala moja yenye hitilafu na moja nzima huwa hana ugonjwa. Aweza kuzeeka asijue. Mtoto huugua pale anapopokea hitilafu kutoka pande zote mbili. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi usemi kwamba tatizo liko "upande wa mama" umeanguka papo hapo. Tena jambo hili lilikuwa limekamilika siku mimba ilipotungwa, kabla hujajua kwamba una mimba, kabla hujatamka lolote. Neno lako la uchungu halikuwa na njia ya kurudi nyuma likaibadilishe damu. (Tafadhali usimgeuzie mumeo hoja hii ikawa fimbo. Naye hakujua.)

Kuna na hili. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba wenye nakala moja ya hitilafu hii wana kiasi fulani cha kinga dhidi ya malaria, na watafiti walioko Kilifi wameendelea kulithibitisha kwa miaka mingi. Ndiyo maana imeenea sana mahali kama Pwani, ambako mbu alikuwa akimaliza watoto. Ikiwa huo ni ukoo wenye laana, basi Pwani nzima ni ukoo mmoja, na hiyo inayoitwa laana ndiyo iliyowavusha wengi wa nyanya zetu utoto wao. Sikuambii hivi ili uone ugonjwa wa mwanao ni jambo jema. Si jema. Nakuambia ili ujue kwamba una maelezo, na maelezo yake hayapiti kwenye dhamiri yako.

Tuje kwenye Neno. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kinachobeba mambo mawili: kukosa. Mtu hukosa kwa kutenda ubaya, na mtu hukosa kwa kupungukiwa. Amekosa chakula, amekosa usingizi. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alifundisha kwamba ubaya si kitu kilichoumbwa na Mungu, bali ni upungufu wa wema uliopaswa kuwapo, kama upofu ulivyo upungufu wa kuona. Waliokuja nyuma yake wakazoea kutenganisha ubaya tunaoutenda na ubaya unaotupata. Nao ndio utengano unaokosekana katika ushauri uliopewa. Mwanao amekosa afya. Hajamkosea mtu. Kiongozi wako ameona kukosa kwa namna ya kwanza, akaenda kutafuta mkosaji, na aliyekuwa karibu naye, aliyechoka zaidi na mwepesi zaidi wa kujilaumu, ni wewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wazee walisema. Hata kuuongezea kidogo huoni kama umeongeza kitu.

Wanafunzi wa Yesu nao walifanya hesabu hiyo hiyo. Katika Yohana sura ya 9 walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Angalia vizuri: hawakuuliza kama kuna dhambi. Hilo walishalikata. Walitaka jina tu. Yesu akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Hakumaanisha kwamba wazazi wale hawakuwahi kukosea maishani. Alikataa kwamba upofu wa mtoto ulikuwa risiti ya makosa yao. Alilisema tena katika Luka 13, aliposimuliwa habari za watu waliouawa, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wote wa Yerusalemu? La. Na kabla yake kuna Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifanya vyema kabisa siku saba walizokaa naye chini kimya. Waliharibu walipofungua vinywa kumtafutia dhambi. Mwishoni mwa kitabu hasira ya Mungu inawaka, na haimwakii Ayubu. Inawawakia hao waliodhani wanamtetea Mungu kwa kumshtaki mgonjwa.

Nitakuwa mkosefu wa haki nikikuficha aya ambazo kiongozi wako anaweza kukusomea. Zipo. Yule mtu wa Bethzatha aliyelala miaka 38 aliambiwa, "usitende dhambi tena, lisije likakupata jambo lililo baya zaidi." Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kwa sababu ya kuidharau meza ya Bwana wako kati yao waliodhoofika na kufa. Yakobo anaunganisha maombi ya mgonjwa na kuungama. Hata bila Biblia twajua pombe hula ini. Kwa hivyo siwezi kukuambia kwamba dhambi haigusi mwili kamwe. Ninachokuambia ni kwamba njia hiyo haina kurudi. Malaria huleta homa, lakini si kila mwenye homa ana malaria, na muuguzi anayemwaga dawa ya malaria kwa kila homa bila kipimo ataua watu. Yakobo mwenyewe ameandika kwa uangalifu: hata *ikiwa* mgonjwa ametenda dhambi, atasamehewa. Hiyo "ikiwa" ndiyo theolojia yote. Isitoshe, hao wote walionywa kwa ajili ya matendo yao wenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelipishwa kwa mwili wa mtoto wake.

Labda utauliza, kwani hatufundishwi kwamba mauti na taabu viliingia ulimwenguni kwa dhambi? Twafundishwa. Paulo anasema hivyo katika Warumi 5, na katika sura ya 8 anasema viumbe vyote vinaugua pamoja. Lakini dhambi ya asili si sawa na dhambi yako ya mwaka fulani. Nikitaka kuwaeleza wanafunzi wangu huwapeleka kwa mawazo hadi mdomo wa mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara, udongo wa mashamba ya mbali, ya watu tusiowajua, hushuka na Athi, ukaingia Galana, ukamwagika hapa na kuifanya ghuba yetu nyekundu hadi mbali. Mvuvi wa Malindi hakulima kule, hakukata mti wala hakulisha mbuzi mteremkoni. Bahari yake ndiyo imechafuka. Kanisa linapofundisha kwamba ulimwengu umeanguka, linasema sote twaishi mdomoni pa mto. Linasema maji yamechafuka tangu juu. Halisemi kwamba mtoto anayekohoa ndiye aliyeyachafua, wala kwamba mama yake alimwaga ndoo usiku.

Hilo la laana ya nyanya yako sitalikalia sana, maana Biblia yenyewe ililimaliza. Kweli Kutoka 20 inanena juu ya kizazi cha tatu na cha nne. Watu wa wakati wa Ezekieli waliishika aya ya namna hiyo wakaigeuza methali, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Mungu akawakataza kuitumia tena: "Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Kwa Mkristo kuna zaidi ya hapo, kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu, Wagalatia 3. Anayehubiri kwamba msalaba ulitosha kwa dhambi za ulimwengu lakini haukutosha kwa nyanya mmoja wa Malindi, huyo amepunguza msalaba.

Na sadaka ya mbegu? Soma 2 Wafalme sura ya 5. Naamani aliponywa ukoma akataka kulipa, Elisha akakataa katakata. Gehazi, mtumishi wake, akamfuata Naamani kwa siri akachukua fedha. Yeye ndiye aliyetamkiwa ukoma, yeye na uzao wake. Ukitafuta katika Biblia nzima aya inayofunga ugonjwa na uzao pamoja, hiyo hapo, na imemwangukia mhudumu aliyeuza uponyaji uliokwisha kutolewa bure. Yesu aliwaagiza wake, "mmepata bure, toeni bure." Fedha hizo zilipie nauli ya kliniki.

Nije kwenye miujiza, kwa sababu sitaki ufikiri nimeungana na ndugu yako kukunyang'anya. Naamini miujiza. Nimewaombea watu miujiza, na nitaendelea kuiomba. Lakini neno hili nalo limetuelemea. Muujiza limetoka Kiarabuni, katika asili moja na ajizi, kushindwa: ni tendo linalowafanya wengine wote washindwe. Linatufanya tutazame nguvu. Injili ya Yohana ilichagua neno jingine, ishara. Ishara haitazamwi yenyewe, hutazamwa inakoelekeza. Yesu hakuponya kila mgonjwa wa Bethzatha; mabaraza yale yalijaa, akamwinua mmoja. Huyo mmoja, angalia, hakumwamini kwanza, hata jina lake hakulijua. Mjane wa Naini hakuomba chochote. Na yule baba wa mtoto mwenye kifafa alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," mtoto akapona kwa imani hiyo iliyochanika katikati. Kwa hivyo fundisho kwamba muujiza ni mshahara wa imani iliyotimia halisimami kwenye Injili. Tena lina ubaya mmoja wa siri: halishindwi kamwe. Mtoto akipata nafuu, maombi yamejibiwa. Asipopata, mama ana dhambi. Fundisho lisiloweza kuonekana limekosea hata likikosea, liogope.

Yule mtoto uliyemwona akishuhudia, sina ruhusa ya kumhukumu. Lakini jua kwamba maumivu ya sikoseli huja yakaondoka; kipindi cha maumivu makali mara nyingi huisha baada ya siku kadhaa, na mtoto akaamka anacheza. Akipandishwa jukwaani siku hiyo atasema kweli kabisa, kwamba jana aliumwa na leo haumwi. Kama damu yake imebadilika, kipimo cha damu kitaonyesha. Wala kupima si ukosefu wa imani. Yesu alipowatakasa wale wakoma kumi aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Walawi ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kutoa hukumu kwamba mtu amepona. Augustino mwanzoni hakutilia maanani habari za miujiza ya siku zake. Uzeeni alianza kuikusanya, akitaka waliopona waandikishe ushuhuda wao ukasomwe hadharani, akataja karibu 70 pale Hippo kwa muda wa miaka miwili tu. Wakatoliki wa Lourdes kule Ufaransa wana madaktari wanaochunguza madai tangu karne ya 19, na kati ya maelfu walioandikisha uponyaji, uliotambuliwa rasmi kuwa muujiza ni kama 70. Waumini hawa hawakuogopa vipimo. Uponyaji wa kweli unastahimili karatasi ya maabara.

Kwa ndugu yako, mwambie namsalimu na hoja yake naifahamu. Ina mzee wake, mwanafalsafa David Hume wa Scotland, aliyeiandika mwaka 1748: kanuni za maumbile zimethibitishwa na uzoefu wa watu wote, kwa hivyo ushahidi wa mtu kwamba kanuni imevunjika hauna budi kuwa mzito kiasi kwamba uongo wake ungekuwa ajabu kubwa kuliko muujiza wenyewe. Kama ushauri wa kupima shuhuda, naukubali, na natamani ungehubiriwa zaidi. Kama uthibitisho kwamba Mungu hawezi kutenda, haufiki. Kanuni za maumbile zatuambia vitu hufanya nini vikiachwa vyenyewe. Kusi husukuma chombo kaskazini; hiyo ni kanuni, na kila mtoto wa pwani aijua. Nahodha anapobisha, akaenda huku na huku mpaka amefika alikotaka kinyume cha upepo, upepo haujavunjwa. Ameingia mtu mwenye nia. Swali la kama yupo mwenye nia nyuma ya ulimwengu ni zito, lina hoja zake pande zote mbili, lakini darubini ya maabara haikuwahi kulijibu, maana haikutengenezwa kulijibu.

"Kwa nini yeye na si wangu?" Hapa natembea polepole. Zamani, nikiwa kijana katika huduma, nilimwambia mama aliyefiwa, kaburi likiwa bado bichi, kwamba Mungu alikuwa na makusudi yake. Alinitazama tu. Nimelijutia neno lile miaka yote, na sitakuambia wewe. Nitakuonyesha tu sura ya 12 ya Matendo ya Mitume. Inaanza na Yakobo mwana wa Zebedayo kuuawa kwa upanga. Aya chache mbele, Petro anatolewa gerezani na malaika, usiku, minyororo ikidondoka. Mji mmoja, kanisa moja, mfalme mmoja. Mama yake Yakobo twamjua, ni yule aliyewaombea wanawe viti mkono wa kuume na wa kushoto. Luka hasemi kwamba alikuwa na dhambi iliyofichwa. Hasemi Petro aliamini kuliko Yakobo. Anaandika yote mawili, anaendelea. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa.

Ukipita karibu na bahari, pale kwenye kikanisa kidogo cha Wareno kilichoezekwa makuti, kumbuka kwamba mwaka 1542 mmishenari Mkatoliki Francis Xavier alitia nanga Malindi akielekea India. Huyo ni mtu ambaye jina lake limekuja kuhusishwa na miujiza chungu nzima, akatangazwa mtakatifu mwaka 1622. Hapa kwetu alizika mtu wa merikebu yake. Na mmishenari Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 kuhubiri, ndani ya miezi michache alimzika mkewe na kichanga chao, kwa homa. Ukisikia tena kwamba wenye haki hawaugui, fikiria makaburi ya hao walioileta Injili ufuoni petu.

Nikiendelea na dawa, nimemkana Mungu? Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe, kwa kinywa cha Isaya, kwamba angepona. Ahadi ikiwa bado moto, Isaya akaagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa siku moja, na nabii hakuona vinagombana. Luka aliyeandika Injili anaitwa tabibu mpendwa. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, hakumkemea kwa kuumwa mara kwa mara. Mpe mwanao kidonge kwa mkono mmoja na mwingine uuweke kichwani pake ukiomba. Muulize daktari pia kuhusu haidroksiurea kama bado hajaianza. Ni dawa iliyojaribiwa kwa watoto wa Kilifi pamoja na wa nchi nyingine za Afrika, na imepunguza sana maumivu na haja ya kuongezewa damu.

Umesema dhambi unayo. Sitakubishia, nami ninayo. Mimba kabla ya ndoa, na lile neno kwamba humtaki: kama vinakuchoma, viungame kwa Mungu mara moja, kwa mchungaji au padri unayemwamini ukihitaji kusikia msamaha kwa sauti ya mtu, kisha viache. Yohana asema tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Lakini ziungame kwa kuwa ni zako, si ili mtoto apone. Ukizifanya bei ya uponyaji, kila atakapoumwa utaona hukusamehewa. Na miaka saba ya kumkanda miguu usiku haijawa kifungo cha kulipia neno moja la msichana aliyeogopa. Ni upendo. Usikubali uitwe kwa jina jingine.

Mumeo usimpige hoja za wanatheolojia. Huenda anaogopa kuliko wewe, na kufunga kumempa kitu cha kufanya. Mwombe mwende kliniki pamoja, daktari amweleze yeye mwenyewe, mbele yako. Kwa kiongozi wa maombi nendeni wawili, pamoja na mzee mmoja wa kanisa, mkamwulize kwa heshima swali moja: mtoto akizidiwa siku ya pili ya mfungo, ni nani atakayempeleka hospitali, na saa ngapi? Jibu lake litawaonyesha njia. Kulihama kanisa si jambo jepesi, najua. Ndiko kilipo chama chako na wanawake waliokushika mkono. Wakikubali uendelee na dawa na wakome kukushtaki, kaa, waombe pamoja nawe. Wakiifanya kuacha dawa kuwa sharti la kuombewa, ondoka na mtoto wako.

Mambo haya hayangoji ushauri wangu wala wa mtu: homa, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja au maneno kuparaganyika, maumivu yasiyotulizwa na dawa ulizopewa. Hapo ni hospitali, hata usiku, hata ibada ikiendelea. Kilifi, kwenye hospitali ya kaunti, kuna kliniki ya ugonjwa huu yenye uzoefu wa miaka mingi; omba upewe barua ukaonwe, na wapimwe pia hao watoto wengine wawili. Mtu yeyote akikuzuia kumtibu mtoto, awe nani, nenda kwa afisa wa watoto au piga 116, simu ya bure ya kuwalinda watoto. Na wewe mwenyewe, ikiwa usingizi umekata na unaona afadhali usingekuwapo, usimwambie Mungu peke yake. Mwambie muuguzi wa kliniki hiyo hiyo.

Ijumaa hiyo ikifika, ninyi wakubwa mkitaka kufunga, fungeni. Nami nitafunga nanyi nikiwa hapa mjini, nikimtaja mwanao. Yeye umpikie uji wake asubuhi kama siku zote, umpe vidonge, umjazie chupa ya maji aende nayo shule.